Toka Walikale Mpaka Ng'ambo na Watoto Wawili

Wazazi kadhaa wa Njingala na Rubaya wameuliza kama mtu mmoja anaweza kusafiri kwa ndege ya mbali na watoto wawili wadogo, bila msaidizi. Swali hilo si la mchezo. Jamaa zetu wametawanyika, mmoja yuko Nakivale, mwingine Nairobi, mwingine Amerika, na watoto wanapaswa kuwafuata.

Mimi nilifanya safari hiyo mwezi wa Julai 2023, na binti wa miaka mitano na mdogo wake wa kiume wa miezi kumi na nane. Mama yao alikuwa Marekani kwa masomo, miezi nane ilikuwa imepita. Ndege haikuniogopesha. Niliogopa kwamba huyu mdogo, ambaye mama alimwacha akitambaa, atamwona na kumkataa.

Msomaji wa mbali ajue kwamba huku Walikale ndege si kitu cha matajiri. Barabara ya Goma kupitia Masisi na Sake imeharibika miaka mingi, na mwaka ule vita iliikata mara kwa mara. Kasiterite ya Bisie ilianza kuchimbwa karibu na mwaka 2002. Wapagazi walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, siku mbili ndani ya msitu, mpaka Njingala. Ndege ndogo zilitua Kilambo, tena si katika uwanja bali juu ya lami ya barabara yenyewe. Watu na magari walisimamishwa, ndege ikashuka na kutoa bidhaa za duka, ikapakia mawe, ikarudi Goma. Watoto wetu waliijua ndege kabla ya kujua treni, ambayo mpaka leo hawajaiona.

Katika ndege ndogo wanapima kila kitu. Mimi nilipanda kwenye mizani na mdogo mgongoni, binti akafuata akiwa ameshika valizi yake kama mfanyabiashara. Tulikuwa na kilo 15 za mizigo kwa watu watatu. Hapo ndipo mzazi anajifunza hesabu ya safari nzima: una mikono miwili, na mkono mmoja ni wa mtoto anayetembea. Kisichoenea katika mkono unaobaki, kiache. Huyu mwingine mfunge mgongoni kwa kitenge. Ndiyo, hata baba. Wamama wa soko walicheka sana, mmoja akauliza, “Pasta, mama yao iko wapi?” Nikamjibu, “Tunaenda kumutafuta.”

Toka angani msitu wa Walikale ni kama sufuria kubwa la sombe, hakuna mwisho. Halafu ghafula miti inaisha na Masisi inaanza: milima ya malisho, nyua za miti, ng'ombe wadogo kama punje za maharagwe, nchi ya maziwa na ya ile jibini iliyokuwa inauzwa mpaka Kinshasa. Sijaona mahali pazuri zaidi. Karibu na Goma binti akaona vitu vyeupe vingi juu ya mawe meusi ya volkano. “Baba, ile ni nini?” Ilikuwa mahema ya wakimbizi wa ndani. Nikamwambia ni watu wa ile milima tuliyopita sasa hivi. Akanyamaza mpaka tulipotua.

Wakati wa kushuka mdogo alilia sana. Masikio yanauma zaidi kwa kushuka kuliko kwa kupanda, maana hewa ya nje inazidi kusukuma na ule mfereji mdogo kati ya sikio na koo unaziba. Dawa yake ni kumeza. Mtoto anyonye, apewe bibero au kipande cha ndizi, na umwamshe kama amelala, kwa maana anayelala hamezi mara nyingi.

Toka Goma tulivuka kwenda Gisenyi mbiombio, kwa sababu mpaka ulikuwa unafungwa saa tisa mchana, kisha gari mpaka Kigali. Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi: pasporti ya kila mtoto, karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano (inatolewa kuanzia miezi tisa, na inahesabika baada ya siku kumi), cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi asiyekuwepo, yenye muhuri wa serikali, kwamba anakubali watoto wasafiri. Mtoto asiyetimiza miaka miwili hukaa magotini na hulipa sehemu ndogo tu ya tiketi. Njia yenyewe imebadilika tangu hapo. Uwanja wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Walikale-kati nayo ilichukuliwa mwezi wa Machi, wakaiacha mwezi wa Aprili. Anayepanga safari aulize kwanza.

Kigali ndipo tulipopanda ndege ya Addis Abeba, na kule Addis ile kubwa ya Washington. Ni zaidi ya saa 15, pamoja na kusimama njiani kwa mafuta. Addis iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa haiwezi kuruka na mafuta ya safari yote. Kumbe hata ile kubwa inapimwa kama yetu ya Walikale! Hewa ya ndani nayo inawekwa kama ya mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, sawa na kukaa katika malisho ya Masisi, ila ni kavu. Kwa hiyo maji, maji, maji.

Katika kiti cha jirani alikaa mama na watoto wake wawili, na mfuko mweupe wa OIM magotini. Wakimbizi waliokuwa wanapelekwa Marekani walibeba karatasi zao zote katika mfuko huo. (Marekani ilisimamisha mpango huo Januari 2025, na wengi waliokuwa tayari wamebaki kambini.) Aliniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Nikasema Walikale. Akanyamaza kidogo. Yeye ni wa Masisi, mzazi wake alimkimbiza akiwa na miaka saba, mwaka 1996, na tangu hapo alikaa kambi ya Kiziba huko Rwanda. Wasomaji wetu wanajua ni maneno gani watu wa kwake na watu wa kwangu wamesemeana miaka hii. Mimi pia niliyakumbuka, na nadhani naye.

Lakini mdogo wangu alitapika. Mimi nilikuwa na mkono mmoja, ule mwingine ulikuwa chini ya kichwa cha binti aliyelala. Mama yule hakuuliza kitu. Alimchukua mtoto, akamfuta, akamvalisha shati la mtoto wake, akamweka kifuani. Alilala hapo saa nne. Na mimi nikashika wake wawili, waliokuwa wanaogopa giza la dirishani. Niliwasimulia habari ya Mwindo, yule shujaa wa Wanyanga aliyezaliwa akitembea, ambaye Nkuba, radi, alimpandisha mbinguni akakaa mwaka mzima katika baridi na mvua. Mkubwa wao akauliza kama alirudi. Nikasema alirudi.

Usiku sana mama akaniuliza kwa sauti ya chini, “Pasta, mulipita juu ya Masisi?” Tulipita. “Iko namna gani?” Watoto wake walikuwa hawajaiona hata siku moja. Nikamweleza vilima kimoja kimoja jinsi nilivyoweza, na ng'ombe. Juu ya mahema sikusema, wala hakuuliza.

Washington tulitengana katika mistari. Mdogo wangu alimlilia yule mama, si mimi. Mama yake mwenyewe alipofungua mikono nje ya mlango, mtoto aligeuza uso na kushika shingo yangu. Mke wangu hakumlazimisha. Alikaa chini karibu naye siku ile, na kesho yake. Siku ya tatu asubuhi alimletea kiatu chake kimoja, amvalishe.