Mgeni wa Siku Moja: Kuingia Muscat kwa Njia ya Bahari



Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi kutoka Mombasa na Lamu walikwenda Omani na kusi, wakarejea na kaskazi. Aliyefika Muscat alikaa miezi akingoja upepo ugeuke, na katika miezi hiyo akauza bidhaa zake, akajuana na watu, na pengine akaoa. Abiria wa meli ya kitalii wa leo hupewa saa chache tu baina ya asubuhi na magharibi. Kwa kuwa wengi katika mji wetu wameanza kuziulizia safari hizi, tumeona ni vyema tueleze jinsi mtu anavyoingia nchi ya watu kwa meli ya namna hiyo.

Tulipandia Dubai, wakati wa baridi, ambao ndio msimu wa meli hizi katika Ghuba. Hapo gatini, kabla hata ya kuyaona maji, tulipata mtihani. Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyeshika safari hii kwa ajili ya dada yake aliyehamia Muscat zaidi ya miaka arubaini iliyopita, alizuiliwa. Viza yake ya Imarati ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Wakala aliyemkatia tikiti alimwambia kuwa abiria wa meli huhesabiwa yumo nchini mpaka safari iishe. Sivyo. Meli ikishaondoka, abiria ametoka nchini, na siku ya kurejea ataingia upya. Mzee wetu hakulalamika. Alitukabidhi furushi la leso na nambari ya simu, akatuombea safari njema, akabaki.

Tukapita Mlango wa Hormuz, tukisali jamaa na kugeuka kuelekea kibla kila meli ilipogeuka. Alfajiri ya kuamkia Muscat tuliiona milima mikavu ikiteremka hadi baharini, na chini yake mji mweupe wa Mutrah. Bandari ya Sultan Qaboos ilikuwa ya shehena mpaka 2014, shehena zilipohamishiwa Sohar, nayo ikabakishwa kwa shughuli za utalii. Juu ya majabali zimesimama ngome za enzi za Wareno, na mtu wa Mombasa hawezi kuzitazama bila kuikumbuka Ngome Kongwe ya kwetu. Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi aliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, akaiteka ngome ya Mombasa mwaka 1698. Habari za bandari hizi mbili ni habari za nyumba moja.

Meli kufunga kamba gatini hakumaanishi kuwa abiria ameshaingia. Kwanza wenye bandari huikagua orodha ya majina ambayo meli imekwisha kuipeleka mbele, na huangalia kama kuna maradhi chomboni. Desturi ya kale ya mabaharia ni kupandisha bendera ya manjano, maana yake chombo ni kizima na kinaomba ruhusa. Ruhusa ikitoka, kila abiria hupitisha kadi yake mlangoni ili ijulikane nani ameshuka. Ndani ya bandari hapana kutembea kwa miguu. Basi hukuchukua mpaka langoni. Na saa ya kurudi ikipita, aliyetoka kivyake haisubiriwi nafsi yake.

Nje ya lango alikuwa amesimama bibi mwenye buibui. Alitutazama mmoja mmoja tulivyokuwa tukiteremka, mpaka basi likabaki tupu. Akauliza kwa Kimvita safi: "Mashekhe, na kakangu yuwapi?" Tulipomweleza alinyamaza, akalipokea furushi, akalikumbatia. Kisha akatuchukua nyumbani kwake, akatukirimu kahawa na halwa, na mazungumzo yote yakawa ya mitaa ya Mji wa Kale. Kabla ya alasiri alikuwa ameshatufungia halwa ya kumpelekea kaka yake, na yeye mwenyewe akawa anatuhimiza tuwahi meli.

Mafakihi wetu huiita aman ile hifadhi anayopewa mgeni aingiaye nchi ya watu kwa idhini yao. Wao humpa usalama, naye haimjuzii kuwafanyia hiana. Viza na kadi ya kushukia ni ahadi ya namna hiyo, na Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza ahadi zao. Kwa hiyo anayeshuka kwa siku moja asitoroke wala asifanye biashara asiyoruhusiwa. Na wakala anayeuza safari ameshika amana. Neno lake moja la kubahatisha limewanyima ndugu wawili wazee saa chache walizozingoja miaka.

Anayekusudia safari hii na aiulize kila nchi masharti ya pasipoti yake, ikiwamo nchi anayoanzia, na ajibiwe kwa maandishi. Nasi meli kama hizi zitiapo nanga Kilindini, tuwakumbuke wanaoteremka. Nao ni wageni wa siku moja, na ukarimu tulioupata Mutrah tunadaiwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awakutanishe wale ndugu wawili wakiwa katika afya. Amin.

Wabillahi tawfiq.