Denge Alikuja Mapema Mno

Msomaji akisikia kitabu anachokipenda kinafanywa filamu, haulizi nani kaandika mswada wala fedha zimetoka wapi. Anauliza nani kawa nani. Niliposikia kwamba Amil Shivji ameigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu, nami niliuliza hivyo hivyo. Yasmini ni nani? Mwajuma je? Denge, mpenzi wa Yasmini, nilimwacha wa mwisho, kwa kuwa huyo nilikuwa namjua sana na jibu lilinitia hofu.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1999, na baadaye ikaingia katika orodha ya vitabu vinavyosomwa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Maana yake ni kwamba ina wasomaji chungu nzima ambao hawakuichagua. Wameichambua dhamira na migogoro, wameyakariri majina ya Koplo Matata na Inspekta Wright usiku wa kuamkia mtihani, na matokeo yalipotoka wakayasahau. Mimi ni wa kundi jingine, dogo lakini lenye kelele: tulioisoma kwa hiari, tukairudia, tukaiazimisha kwa watu kisha tukaanza kuwadai. Sisi ndio tunaoingia kwenye ukumbi wa sinema tumekunja uso kabla taa hazijazimwa.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Si filamu ya haraka. Kamera inakaa kwenye kuta na vivuli vya Unguja ya miaka ya 1950, inamngoja mtu apite kichochoroni, ikishampata haimwachi upesi. Mwajuma amechezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli kweli, na hapo ulimi wangu ulikosa la kusema. Ikhlas Gafur Vora akawa Yasmini. Hakufanana na wangu hata kidogo, na baada ya muda mfupi nikawa simkumbuki tena yule wangu alikuwaje.

Wanaijeria wa rika fulani wanalijua jambo hilo. Televisheni ya taifa lao ilipoifanya Things Fall Apart tamthilia mwaka 1987, Pete Edochie alicheza Okonkwo, na wapo ambao hadi leo wakifungua kitabu cha Achebe ni yeye wanayemwona akitembea kurasani. Sura ya mwigizaji ni mpangaji asiyehama. Hata hivyo sura haikunikera. Kilichonikera ni Denge kuja mapema mno.

Kitabuni, Yasmini anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Anapelekwa Mombasa. Akiwa huko, hajui hata kama duniani kuna kiumbe kiitwacho Denge, anaamua kwamba maisha yale hayawezi. Anarudi Unguja, jamaa zake wanamkataa, na ndipo anapoishia Ng'ambo kwa Mwajuma, miongoni mwa watu ambao jamaa hao hao walimfundisha kuwatazama kwa mbali. Denge anatokea baada ya hayo yote. Kwenye filamu wanakutana usiku ule ule ambao Yasmini yuko njiani kwenda kuolewa.

Naelewa kwa nini. Filamu ina kama saa moja na nusu. Riwaya ina wiki nzima ya jioni zako. Mombasa ni mji mwingine wa kuutafutia mitaa ya zamani, magari, nguo, watu wa kupita mbele ya kamera, na filamu za kwetu hazitengenezwi kwa mifuko mirefu. Halafu mtazamaji aliyelipa kiingilio anataka wapenzi wawili waonane kabla hajaanza kusinzia. Yote hayo nayakubali. Lakini kwangu mimi utukufu wa Yasmini ulikuwa kwamba aliondoka kabla hajapata pa kwenda wala wa kumwendea. Ukimtanguliza Denge, hata kwa dakika moja gizani, mtu anaweza kudhani mapenzi ndiyo yaliyomfungulia mlango.

Hoja hiyo niliipeleka kwa mpwa wangu nikiwa na uhakika wa ushindi. Yeye ni wa lile kundi la mtihani. Alikisoma kitabu kwa kulazimishwa, akakichukia, kisha akaipenda filamu, na filamu ikamrudisha kitabuni. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mjomba, wewe unataka Yasmini aondoke peke yake ndiyo umheshimu. Kwani mtu akipenda, uamuzi wake unaacha kuwa wake?"

Nilimwambia chai yake inapoa.

Bado naona hoja yangu ina miguu, lakini swali lake lilinipeleka mahali ambapo sikukusudia kwenda. Baba yetu alipofariki, siku za matanga tulikaa ndugu wote kwenye mkeka tukawa tunamsimulia. Kaka mkubwa alimsimulia mtu mkali, wa fimbo na saa. Dada akamsimulia mtu aliyekuwa akiimba bafuni. Mimi, kitinda mimba, nilikuwa na mzee wangu aliyeishiwa ukali, anayelala na redio sikioni. Ilifika mahali tukaanza kukatazana: hapana, baba hakuwa hivyo. Sauti zikapanda, msibani, mbele ya wageni. Kila mmoja alitetea kitu cha kweli, na kila mmoja alimwona mwenzake kama mwizi. Shangazi ndiye aliyetunyamazisha, kwa kutusimulia kaka yake akiwa na miaka tisa, mtoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Hatukuwa na la kubisha. Tukabaki kuuliza maswali.

Tangu hapo, mtu akiniambia filamu imekiharibu kitabu chake, huwa nasikia sauti za ule mkeka. Hata mwenye kitabu hasalimiki. Stephen King hakuipenda The Shining ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, akasema wazi wazi, na mwaka 1997 ukatoka mfululizo wa televisheni alioandika mswada wake yeye mwenyewe, mwaminifu zaidi kwa riwaya. Ile ya Kubrick ndiyo watu wanayoendelea kuitazama. King ndiye aliyeitunga hadithi, lakini utunzi huo hauwezi kumlazimisha mtu aogope pale ambapo mwandishi angependa aogope.

Kuna hali mbaya kuliko mashabiki wenye hasira, nayo ni kutokuwa na shabiki yeyote. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018 na kupigwa marufuku Kenya, imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ile ni barua. Filamu si barua. Wasichana wamebadilishwa majina, na Uganda imekuwa Nairobi. Kelele zilizopigwa zilikuwa nyingi, za bodi ya filamu, za mahakamani na za mitaani. Sikukutana na mtu hata mmoja aliyelalamika kwamba barua imepotea. Inaniuma kwa niaba ya barua ile.

Kwa hiyo malalamiko yangu kuhusu Denge siyafuti, wala sitaki mpwa wangu afute yake, maana anayo pia: anasema kitabu kinamjali mno Koplo Matata. Hadithi ya Kiswahili yenye watu wawili wa kuigombania sebuleni, mmoja wa mtihani na mmoja wa hiari, iko mbali na kaburi.

Sasa anasema ipo siku mtu ataigeuza Kuli, riwaya ya Shafi ya mwaka 1979, na kwamba nitalalamika tena. Nitalalamika, na orodha ninayo tayari. Rashidi asipewe kijana mwenye mabega ya jimu. Mabega ya mpagazi yamejengwa na magunia na yameinama. Bandari isionyeshwe kwa mbali jua likizama kama kadi ya watalii. Na mgomo wa 1948 upewe muda wake wote, hata kama itabidi wapenzi wasubiri. Mpwa wangu anauliza wapenzi gani. Nimemwambia akaisome.