NYUMBA YA MASUGURU NA SIMU ISIYOPOKELEWA



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu katika imani, leo sikuletei kisa cha mtu mwingine. Nakuletea changu, na ndani yake kuna kosa langu. Wewe kipitie kwa kusoma, usije ukakipitia kwa kulipa.

Siku chache baada ya Idi ya mwezi wa Ramadhani nilikubaliana na ndugu mmoja aniuzie nyumba hapa Masuguru, huku kwetu baina ya Handeni na Korogwe. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mwarobaini uani, na adhana unaisikia hata umeme ukikatika. Niliitaka kwa ajili ya mama yangu. Magoti yake yamechoka, anaishi chumba cha kupanga, na ombi lake ni moja tu: amalizie umri wake jirani na msikiti.

Bei ilikuwa shilingi milioni 14. Nikatoa kianzio cha milioni 6, fedha niliyoikusanya misimu mitatu ya mahindi. Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, kijana mmoja akatia saini kuwa shahidi. Muuzaji akaniambia, "Shekhe, nipe miezi miwili tu nitafute pa kuihamishia familia. Neno langu ni neno."

Miezi miwili ikafika. Nikapiga simu, inaita mpaka inakata. Nikatuma ujumbe, kimya. Nikaenda nyumbani, mwanawe akanijibu mlangoni, "Shikamoo shekhe. Baba yuko Korogwe." Wiki iliyofuata, baba yuko Korogwe. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukaingia. Kila jioni mama ananiuliza, "Mwanangu, ile nyumba vipi?" Nami namjibu, "Inshaallah mama, karibu." Mwenye nyumba aliyopanga naye akaanza kudai kodi ya miezi sita mbele.

Ndugu yangu, kama umewahi kumngoja mtu aliyeshika fedha yako na hapokei simu, unaijua ile hali. Usiku hulali. Swala unaswali, lakini kwenye sijda unahesabu milioni zako. Kila anayekupita njiani unahisi anakucheka.

Sasa sikiliza kosa langu.

Ijumaa moja nikapanda mimbari, nikazungumzia alama za mnafiki. Nilipofika kwenye kuvunja ahadi, nikakaa hapo muda mrefu. Sikutaja jina. Lakini Masuguru ni padogo, na habari ya nyumba ile kila mtu alikuwa nayo. Niliona vichwa vinageuka kuelekea safu aliyokaa yule kijana wake. Baada ya swala aliondoka bila kumpa mtu mkono. Na mimi, Allah anisamehe, nilijisikia nimepoa moyo.

Siku tatu baadaye, baada ya Alasiri, mwanamke mtu mzima alifika kwangu. Tulisalimiana, akakaa, akasema, "Shekhe, mimi ni dada wa yule uliyemsema Ijumaa. Nimesikia umenunua nyumba ya baba yetu. Mimi na mdogo wangu hakuna aliyetuuliza."

Ndugu yangu, nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Nyumba ile aliiacha baba yao. Mama yao alitangulia kabla yake. Walibaki watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili, na mirathi haijagawanywa mpaka leo. Fungua Suratun Nisaa, aya ya 11, mtoto wa kiume anapata fungu la wanawake wawili. Kwa hiyo, baada ya madeni na wasia, nyumba hiyo ina mafungu manne: mawili ya kaka, moja la kila dada. Katika milioni 14, milioni 7 ni za kaka, na milioni 3 na nusu ni za kila dada. Nusu ya nyumba niliyouziwa haikuwa ya aliyeniuzia!

Na mimi ndiye ninayesomesha darsa ya mirathi msikitini kila Jumamosi. Nilipima vyumba, nikagonga kuta, nikaangalia bati. Swali moja sikuliuliza: hii nyumba ni ya nani?

Tulipokutana na yule ndugu mbele ya dada zake, alinieleza kwa sauti ya chini. Alidhani dada zake watakubali tu. Walipokataa kuburuzwa, sehemu ya fedha yangu ilikuwa imekwisha kutumika. Kuuza hawezi, kurudisha hana. "Shekhe, nilikuwa nikiona namba yako mwili unatetemeka," akasema. Kimya chake nilikiita unafiki, kumbe kilikuwa aibu. Alikosea, tena kosa kubwa, lakini halikuwa lile nililomshtakia mbele ya umma.

Hapa kuna mafunzo, yashike vizuri.

*La kwanza: kudai haki yako hakupunguzi imani.* Wapo wanaodhani subira maana yake ukae kimya mpaka fedha ipotee. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa mtu mmoja alikuja kumdai Mtume (S.A.W.) ngamia, akasema kwa ukali. Maswahaba wakataka kumchukulia hatua. Mtume akawazuia, akawaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Basi dai. Nenda, uliza, weka mashahidi, fika kwa wazee. Subira ni kuzuia ulimi na mkono visivuke mpaka wakati unadai.

*La pili: mdai mwenyewe, usimtangaze.* Nilikuwa na haki ya kumfuata mlangoni, kwa wazee wake, kwa mwenyekiti wa kitongoji, hata barazani. Haki ya kumvunjia heshima mwanawe mbele ya watu sikuwa nayo. Na leo mimbari imeingia mfukoni: kundi la WhatsApp, ukurasa wa Facebook. Unaandika fumbo, hujataja jina, na kijiji kizima kinajua. Hiyo ni dhulma juu ya dhulma.

*La tatu: kianzio kina hukumu zake.* Wanazuoni wanauita uuzaji huu bay'ul arbuun, nasi Waswahili tuna neno arbuni. Wengi wao, wakiwemo Mashafii ambao ndio madhehebu ya wengi wetu huku, wamekataza sharti la kwamba mnunuzi akighairi kianzio kinaliwa. Imam Ahmad ameruhusu, na hoja mojawapo ni nyumba: Nafi' bin Abdil Harith alinunua nyumba Makka kwa Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa sharti kuwa Umar (r.a.) akiridhia biashara imepita, asiporidhia Safwan apate mia nne. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu likaruhusu pia, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka. Angalia hapo, muda! Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni lenye muda maalumu na kuweka mashahidi. Karatasi yangu ya daftari ilitaja bei na kianzio. Tarehe ya kukabidhi haikuwemo, wala haikusema itakuwaje tarehe ikipita. Miezi miwili ilikuwa mdomoni tu.

*La nne: kabla hujatoa hata shilingi, uliza haya.* Nyumba hii umeipataje? Kama ni ya urithi, warithi ni kina nani, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama yuko wapi? Dada zako wanasemaje, kwa midomo yao wenyewe? Kama ni nyumba ya familia, mke ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni ardhi ya kijiji, serikali ya kijiji ina habari? Majirani wanaijua mipaka? Muuzaji mkweli hatakasirika ukimuuliza haya.

*La tano: ewe uliyeuza, pokea simu.* Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha haki ya mtu amedhulumu. Na kama huna uwezo, sema huna. Al-Baqara 280 imemuamrisha mdai ampe muda mwenye dhiki. Lakini atakupaje muda na wewe umejificha? Neno moja la "bado, nivumilie, tatizo ni hili" lingeninusuru na dhambi ya Ijumaa ile, na lingemnusuru yeye na miezi ya kutetemeka.

Mkumbuke Abu Rafi' (r.a.). Alikuwa na vyumba viwili ndani ya uwanja wa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.). Alikuwa amepewa bei ya dinari mia tano, lakini akamuuzia Sa'd kwa bei ndogo zaidi, tena ya kulipwa kidogo kidogo, kwa sababu alimsikia Mtume (S.A.W.) akiitaja haki ya jirani. Kisa kimo katika Bukhari. Hao ndio waliojua kuuza nyumba.

Mtaniuliza, je, nyumba umeipata?

Mpaka naandika haya, funguo sina. Ndugu wale watatu wamekubaliana waende Mahakama ya Mwanzo apatikane msimamizi wa mirathi. Dada zake wameridhia kuuza kwa sharti kila mmoja apokee fungu lake mkononi mwake. Tumeandika upya, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wanne, na safari hii tarehe imo. Ikipita, milioni 6 zitarudi kwa mafungu, baada ya mavuno.

Mama nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba yenye haki ya mtu ndani yake nitaswalije humo? Ngoja iwe safi." Kodi tumelipa kwa kukopa.

Na Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari ileile nikaomba radhi. Baada ya swala yule kijana alikuja akanipa mkono. Hakusema neno, na mimi sikuwa nimelistahili.

Ewe Mola wetu, turuzuku makazi ya halali, zilinde ndimi zetu tunapodhulumiwa, na utuepushe na kula haki za dada zetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Mfikishie ndugu yako anayetafuta nyumba, na umfikishie zaidi anayeuza.