Mwasumini wa Mama

Nilimwambia fundi rangi kwa simu ausogeze ule mti taratibu, apake ukuta, halafu aurudishe. Kumbe mwasumini wa miaka 19 hausogezwi kama pazia. Aliuvuta wote pamoja na waya zake. Niliporudi jioni, ukuta ulikuwa mweupe pepepe na mti umelala chini, shina limepasuka karibu na udongo.

Kosa lilikuwa langu. Ningekuwepo nyumbani, au ningeukata mwenyewe mapema.

Mama haoni. Presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli tu. Zamani, hapa hapa Tanga, alikuwa akichuma matumba alasiri, kabla hayajafunguka, akayatunga na rehani na mkadi kuwa kikuba, yakafunguka usiku kichwani mwake. Sasa alikuwa anakaa barazani baada ya magharibi kuisubiri ile harufu. Jioni ile akauliza, "Mbona leo kimya?" Nikamjibu kuwa ni harufu ya rangi, imeizidi. Akanyamaza.

Nimesoma insha nyingi za watu waliopona kwa kulima bustani. Mimi sikuwa napona chochote. Nilikuwa nafukia uongo.

Nikaanza vibaya: ndoo ya maji kila asubuhi, na samadi juu yake. Siku ya nane udongo ukaanza kunuka. Jirani anayeuza miche akachungulia, akacheka. "Dada, huo hauna majani, maji utayapeleka wapi? Utaozesha mizizi." Akanifundisha kukwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani, pana uhai. Kukiwa kahawia na kukavu, kata, shuka tena. Nikashuka mpaka ikabaki shubiri tatu. Iliniuma, maana nilikuwa namalizia kazi ya fundi kwa mkono wangu. Pale penye mpasuko nikapabana na kupafunga kwa vipande vya kanga kuukuu, maana waya ungelikata shina linaponenepa. Samadi nikaiondoa, nikatandaza majani makavu, na maji nikatia pale tu kidole kilipokuta udongo mkavu.

Vijiti vibichi vilivyobaki nikavikata chini ya kifundo, nikavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Vilikuwa vinane. Vikashika vinne. Niliviita akiba, ingawa moyoni nilijua kipandikizi si ule mti alioupanda yeye.

Wiki ya sita, hakuna kitu. Mama akaniambia, "Nipeleke ukutani." Nikamshika mkono. Akainama, akapapasa shina, vidole vikafika kwenye fundo.

"Hii si kanga yangu ya harusi ya Mwanaidi?"

Nilikuwa nimeitoa sandukuni mwake, nikidhani tambara tu.

Hakungoja jibu. Akapanda juu kidogo na ukucha wa kidole gumba, akakwaruza.

"Kijani?"

"Kijani, mama."

"Nilijua siku ile ile. Rangi hainyamazishi asumini, mwanangu." Akaendelea kupapasa, polepole, mpaka pembeni ya kifundo cha pili akasimama. Nikainama kuangalia. Palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele, ambacho mimi mwenye macho sikuwa nimekiona.

"Kesho," akasema, "kiti changu ukilete huku."