Bunduki ya bei nafuu, komeo kwa mama watoto

Twin Falls ni mji wa jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani. Ng'ombe wa maziwa huko ni wengi, na baridi inaanza kuuma mapema. Wakongomani waliohamishiwa pale kutoka kambi ya Nyarugusu, nchini Tanzania, wamejifunza mambo mengi ambayo hawakuyawaza walipokuwa Fizi ao Uvira: kukamua kwa mashine, kuendesha gari juu ya theluji, kulipa kodi ya nyumba kwa simu. Sasa kuna jambo lingine ambalo jamaa waliobaki Baraka hawapendi kulisikia. Wanaume kadhaa wamenunua bunduki.

Ni bunduki ya kuwinda. Hilo lisemwe mapema, maana huku Kivu ya Kusini neno hilo likitajwa, mtu anauliza kwanza ni ya kundi gani.

Mmoja wa wanaume hao ana zaidi ya miaka arobaini, ni mzaliwa wa Fizi, na anafanya kazi ya usiku kwenye shamba la ng'ombe. Yeye alianza na hesabu ya chakula. Ana watoto sita, nyama ya butike ni ghali, na Wamarekani wanaofanya naye kazi walikuwa wakileta nyama ya kulungu waliyoiwinda wenyewe. Kulungu wa huko ana masikio makubwa kama ya punda, na dume mmoja anatosha kulisha nyumba kwa wiki nyingi.

Hakukimbilia kununua. Idaho inataka mtu akae miezi sita ndipo aitwe mkaaji na kupata kibali cha kuwinda kwa bei ya wakaaji. Tena, kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 lazima afaulu masomo ya uwindaji kwanza. Alisoma usiku, kijana wake wa miaka kumi na mitano akimfasiria maneno magumu. Humo alikuta sheria inayokataza kuacha nyama inayolika ioze porini. Alicheka. "Hiyo ni sheria ya babu yangu," alisema. Babu huyo aliwinda kwa nyavu, mbwa na mkuki.

Kwenye butike ya silaha aliona bunduki za dola elfu mbili, mbao zake zinang'aa kama kabati ya maharusi. Mfukoni alikuwa na dola 500. Muuzaji akaweka mbele yake Savage Axis, akamwambia chenji itabaki.

Kampuni ya Savage, yenye makao yake Westfield katika jimbo la Massachusetts, ilitoa bunduki hiyo mwaka 2010 kwa jina la Edge, kisha ikaibadilisha jina kuwa Axis. Tako lake ni la plastiki, mtutu una urefu wa sentimita 56 hivi, na kasha la chini linabeba risasi nne. Haipigi mfululizo. Kila ukipiga moja unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma, ganda linaruka nje, unasukuma mbele na kufunga tena. Ni kama komeo la mlango, na ndiyo maana watu wanaiita bunduki ya komeo.

Kaka yake aliyeko Baraka alipoonyeshwa kwenye simu ya video, alipiga kelele: "Lakini hiyo ni ya Force Publique!" Hakukosea sana. Askari wa Wabelgiji walibeba Mauser, na Mauser inafungwa kwa namna hiyo hiyo. Kilichobadilika zaidi ni bei na plastiki.

Bei yake ndogo ina sababu. Katika bunduki nyingi za komeo, kufunga mtutu kwenye mwili wa bunduki kunataka fundi stadi, juu nafasi kati ya komeo na risasi lazima iwe sawasawa kabisa. Tangu modeli 110 ya mwaka 1958, Savage inatumia nati kubwa: mtutu unazungushwa hadi kipimo kikubali, kisha nati inakazwa. Kazi inaenda haraka. Tena mwenye bunduki akitaka mtutu mpya baada ya miaka, anaweza kubadilisha akiwa na vipimo na vifaa vya kufungulia nati.

Jumapili baada ya ibada, wenye bunduki hizo wanakutana nyuma ya nyumba ya mmoja wao, na maneno yanakuwa mengi kuliko ya mpira. Kwa jambo moja hawabishani: inapiga pale inapolengwa. Dereva wa lori aliweka karatasi umbali wa meta 91, ambao Wamarekani wanauita yadi mia, akapiga tatu akiwa ameegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Mashimo yote matatu yalifunikwa na kizibo cha chupa ya soda. Kwa bunduki ya bei hiyo, mtu angeweza kunyamaza na kwenda zake kuwinda. Lakini mwanaume akipata kitu kizuri, anatafuta pa kukirekebisha.

Ubishi wa kwanza ni wa kifyatulio, chuma kile kinachovutwa kwa kidole. Kwenye Axis za kwanza ni kizito: kinataka nguvu ya karibu kilo tatu, na bunduki yenyewe ina uzito wa karibu kilo tatu. Mtu akivuta chuma kizito hivyo, bunduki nzima inahama kidogo kabla risasi haijatoka. Savage ilijibu malalamiko hayo kwa Axis II, yenye kifyatulio wanachokiita AccuTrigger, ambacho mwenyewe anaweza kukipunguza ao kukiongeza. Waliokwisha kununua ile ya kwanza wana njia mbili: kuweka springi laini ya dola chache, ao kununua kifyatulio kizima, kwa mfano cha Timney, kwa zaidi ya dola mia moja.

Fundi seremala wa kikundi hicho alichagua springi. Aliibadilisha jikoni, akafurahi, akawaita wenzake washike. Kweli ilikuwa laini. Mzee mmoja akamwambia afunge komeo kwa nguvu, bunduki ikiwa tupu. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu pini ikapiga yenyewe, tak, kidole chake kikiwa mbali kabisa. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa na risasi, ingeondoka kuelekea ukuta wa chumba cha watoto. Springi ya zamani ilirudi siku hiyo hiyo, na mwezi uliofuata fundi alinunua kifyatulio cha Timney, akampa mtu anayejua kazi hiyo akifunge.

Tako la plastiki nalo lina wateja wa kulisema vibaya. Ndani ni wazi, na sehemu ya mbele ukiibana kwa mkono inapinda hadi inagusa mtutu. Mtutu ukiguswa, risasi inabadili njia. Wengine wanajaza uwazi huo gundi ngumu ya kuchanganya na vipande vya chuma, halafu wanapiga msasa ndani ili mtutu ukae huru. Wengine wananunua tako la mbao la Boyds. Ni zuri kwa macho, lakini linakaribia nusu ya bei ya bunduki yenyewe, na linaongeza uzito ambao mtu ataubeba mlimani mchana kutwa.

Hapo ndipo dereva anakasirika kila mara. "Umenunua mbuzi wa dola hamsini, unamshonea koti la dola mia!" Kwake yeye, feza yote iende kwenye risasi. Boksi ya risasi 20 za .308 inaweza kufika dola 30 na zaidi, na mtu asiyepiga mara kwa mara hatasaidiwa na mbao. Kijana mmoja mwenye Ruger American, iliyotoka mwaka 2012, anasikiliza huku akitabasamu. Kifyatulio chake kilitoka kiwandani kikiwa cha kurekebishwa, na mkono wa komeo lake unainuka nyuzi 70 tu, pale ambapo ule wa Axis unainuka 90. Wenzake wanamjibu kwamba kasha lake la risasi nalo ni plastiki, na maneno yanaanza upya.

Dereva ana haki kwa sehemu kubwa. Lakini tako linalogusa mtutu ni kosa la kweli, na gundi ya kulirekebisha haifiki bei ya boksi moja ya risasi.

Siku moja ubishi huo ulifanyika kwa yule mfanyakazi wa shamba la ng'ombe. Mke wake alikuwa akiwapa chai. Yeye alivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa mtoto wa miaka minane, usiku, ndani ya mtumbwi uliojaa, na milio ilikuwa ikisikika nyuma yao milimani. Alisikiliza habari za kilo na springi hadi mwisho, kisha akauliza:

"Baba zangu, kwa nini munataka iwe nyepesi?"

Fundi alianza kufasiria habari ya kulenga, akaishia katikati. Mume hakusema kitu. Kifyatulio chake bado ni kile cha kilo tatu, na hajakigusa hadi leo.

Siku bunduki ilipoingia nyumbani, mama alikuwa amekataa kabisa. "Haitalala chini ya kitanda changu," alisema. Mume alinunua kabati ya chuma yenye kufuli, na kati ya vyote alivyonunua kwa ajili ya bunduki hiyo, darubini ikiwemo, hakuna kilichomgharimu kama kabati. Mama hakutosheka. Ufunguo wa baba, alisema, ni ufunguo ambao kijana wa miaka kumi na mitano anajua unakaa mfuko gani. Akataka aonyeshwe bunduki inavyofunguliwa. Mume akahakikisha ni tupu, akabana kifyatulio, akavuta komeo nyuma hadi likatoka lote mkononi. Mama akalitazama.

"Bila hii inaweza kupiga?"

"Hapana. Inabaki bomba."

"Basi wewe kaa na bomba, baba watoto. Hii nitakaa nayo mimi."

Akalizungushia kipande cha kitenge, na mahali analoliweka hakuna mwingine anayepajua. Kaka wa Baraka aliposimuliwa, alinyamaza kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga simu kila wiki kuuliza kama wamerudisha kile kitu butike. Kisha akasema: "Mdogo wangu, mwambie shemeji nimemsalimia sana." Tangu hapo anauliza habari za kulungu tu.

Katika sehemu nyingi za Idaho, msimu wa kulungu kwa bunduki unafunguliwa tarehe 10 mwezi wa kumi. Siku hiyo saa kumi ya usiku mama alileta kitenge mezani, akakifungua mwenyewe, akakaa karibu na jiko akimwangalia mume anavyorudisha komeo mahali pake. Kijana alikwenda pamoja na baba yake, akibeba maji na kamba. Dereva aliwachukua kwa gari lake.

Walirudi usiku, baridi imewakausha midomo. Kabla ya kuvua viatu, baba alitoa komeo na kulipokeza. Mama hakuuliza kama wameua. Alinyosha mkono mwingine apewe risasi, akazihesabu chini ya taa: nne zilitoka, tatu zimerudi. Akamtazama kijana, akaona damu kavu kwenye mikono ya koti lake na namna alivyokuwa akizuia kicheko.

"Nyama iko wapi?"

"Iko kwa gari, mama."

Akafunga kitenge, akaenda kukificha. Aliporudi alikuwa na beseni mbili na kisu kikubwa.