Jiko la Mama Mdogo na waya wa fundi wa karasha

Najua nimepotea. Wiki mbili nzima sijaandika kitu hapa, na wapo walioniuliza kama nimeacha uandishi nikaingia duarani kutafuta dhahabu. Hapana jamani, bado nipo gazetini. Nilikuwa Kahama, jikoni kwa mama mdogo, kazi yangu ikiwa kushika tochi.

Kwa hiyo leo siasa tuziweke kando, nataka kuandika habari za jiko. Msicheke. Jiko lenyewe nusura liue mtu, na mmoja wa waliochangia ni mimi.

Mama mdogo alianza kama mama ntilie wengine wote, mafiga matatu na gunia la mkaa, akiwapikia madereva na makondakta. Miaka ikapita, akapata fremu, kisha mgahawa wenye meza kumi na mbili. Mwaka jana akachukua mkopo kwenye kikoba chao, akapanda basi kwenda Mwanza, akarudi na jiko kubwa la mtumba lililoshuka kwenye kontena kutoka nje. Pleti sita juu, chini oveni kubwa ambayo nyuma yake ina feni. Siku linashushwa kwenye Fuso vijana sita walilibeba, na majirani walikuja kuangalia kama vile tumeleta bibi harusi.

Hiyo feni ndiyo iliyomtoa pesa. Katika oveni ya kawaida, ukiweka trei tatu za skonzi, ya juu inababuka wakati ya chini bado ni unga. Feni inalizungusha joto humo ndani, trei zote zinaiva karibu sawasawa, tena kwa joto la chini kidogo na kwa muda mfupi. Mama mdogo alikuwa ameshapiga hesabu zake: skonzi na mikate asubuhi, kuku wa kuoka mchana, na zaidi ya yote oda ya kuwalisha wafanyakazi 60 wa mkandarasi mmoja kila siku. Hiyo oda ndiyo ingelipa mkopo.

Matatizo yalianza siku ya kwanza. Walipochomeka waya wa umeme ukutani, feni ilizunguka kwa kasi ya ajabu, ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja. Moto wa juu nao ulikuwa wa njano, mrefu, unaolamba sufuria mpaka mikononi. Ndani ya wiki moja sufuria zote zilikuwa nyeusi kwa masizi kama zimepikiwa kuni. Vijana wa jikoni wakawa wanalalamika vichwa vinauma kila jioni. Tukawaambia kunyweni maji, ni joto tu.

Halafu ikaja Jumapili moja, kesho yake oda ya watu 60 inaanza. Oveni ikagoma kuwaka. Ukibonyeza kitasa na kuwasha, ule moto mdogo wa kuwashia unakubali. Ukiachia kitasa tu, unazimika. Unarudia, unazimika. Mama mdogo akanipigia simu Shinyanga mjini: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Nitafutie fundi kabla giza halijaingia."

Mimi na digrii yangu nikaona hilo ni jambo dogo. Nilikuwa na namba ya fundi mmoja wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, niliyemfahamu nikiandika habari za wachimbaji wadogo. Huyu bwana mota anazifahamu, mikanda anaifahamu, mashine iliyokufa saa nane usiku anaifufua. Nikapanda gari, Tinde, Isaka, Kahama, tukakutana mgahawani. Akafungua kibao cha mbele, akachungulia, mimi nimeshika tochi. Akasema, "Kinachozuia gesi ni hiki hapa. Kila ukiachia kinafunga." Akachukua kipande cha waya, akakibana kile kidude kisifunge tena. Akawasha. Moto ukakaa!

Tulipiga makofi. Nilimlipa shilingi 30,000 na soda juu. Kesho yake wafanyakazi 60 walikula, na mimi nilirudi Shinyanga najiona mtu wa maana katika ukoo.

Wiki tatu baadaye, saa kumi na moja alfajiri, binti anayefungua mgahawa aliingia kuwasha jiko la mkaa la chai. Kiberiti kilikuwa tayari mkononi. Akasikia harufu kama ya mayai viza. Mungu ampe maisha marefu yule binti, hakuwasha kiberiti wala hakugusa swichi ya taa. Alifungua mlango wa nyuma na wa mbele, akatoka nje, akapiga kelele. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyezunguka nyuma kufunga mtungi wa kilo 38. Ule moto mdogo ulikuwa umezimwa na upepo usiku, mtungi uliachwa wazi, na gesi ikawa inatoka taratibu na kutandaa sakafuni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikatokea dirishani. Inalala chini kama maji, inasubiri cheche.

Nilipopigiwa simu nilikaa kitandani nikashindwa kuvaa viatu.

Safari hii mama mdogo hakunituma mimi. Alimtafuta mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akihudumia majiko ya kambi za migodini. Mgodi wa Buzwagi ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, watu wengi wa Kahama walirudi mtaani na ujuzi wao, naye ni mmojawapo. Sasa hivi anatengeneza friji na pasi. Alikuja na begi dogo, akaamkiwa, akakaa kwenye stuli. Hakushika spana. Aliomba kitambaa chenye sabuni.

"Kibati kiko wapi?"

Hakuna aliyejua. Akapiga magoti, akafuta mafuta yaliyoganda ndani ya mlango wa chini, kikatokea kibati cha chuma ukubwa wa kiganja. Kilikuwepo siku zote. Akanipa mimi nisome, maana miwani aliisahau. Kiliandikwa kwa Kiingereza kwamba jiko limetengenezwa kwa gesi asilia, na kwamba umeme wake ni volti 115.

Basi mzee akaanza darasa. Gesi asilia ni ile ya Songo Songo na Mtwara, inayosafiri kwenye mabomba mpaka Dar es Salaam. Huku kwetu tunatumia ya mitungi, na hizi ni gesi mbili tofauti. Kwa ujazo uleule, ya mtungi ina nguvu kama mara mbili na nusu. Ndiyo maana nozeli, yaani kile kitundu kinachopitisha gesi kwenda kwenye kila pleti, kwa gesi asilia huwa kikubwa, na kwa gesi ya mtungi huwa kidogo. Sisi tulikuwa tunapitisha gesi kali kwenye matundu makubwa. Hewa haitoshi kuichoma yote, ndiyo ukaona moto wa njano na masizi. Na moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hapo nikawakumbuka vijana na vichwa vyao. Tuliwaambia wanywe maji.

Feni nayo haikuhitaji uchunguzi. Mota ya volti 115 imechomekwa kwenye umeme wa volti 230. Ilikuwa lazima iungue.

Kisha akafungua kibao cha mbele. Akakaa kimya kidogo, akachomoa kile kipande cha waya, akakiinua juu tukione wote. "Hii kazi ya nani?"

Nikasema, "Ni yangu, baba. Mimi ndiye niliyemleta fundi."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinionyesha kifimbo chembamba cha shaba ambacho ncha yake inakaa ndani ya ule moto mdogo. Wanakiita themokapo. Ndani yake zimeunganishwa metali mbili, zikipata moto zinatoa umeme mdogo sana, milivolti ishirini na kitu. Huo umeme ndio unaoshika sumaku ya valvu ibaki wazi. Moto ukizimika, ncha inapoa, sumaku inaachia, na gesi inafungwa ndani ya dakika moja hivi. Yetu ilikuwa imechakaa na ncha imejaa uchafu. Spea yenyewe haifiki bei niliyomlipa fundi wa karasha.

"Hiki kifaa kazi yake ni kukataa," mzee alisema. "Kikikataa, uliza kwa nini. Nyie mmemfunga mlinzi kamba kwa sababu kawazuia kuingia."

Ndugu zangu, hilo neno lilinichoma kuliko alivyodhani. Miaka hii mitatu nimeandika habari nyingi za maduara yanayoporomoka. Kila mara huwa natafuta nani amepuuza kuweka matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, nani kashuka baada ya kuambiwa asishuke. Nilikuwa sekondari mwaka 2015 wachimbaji watano walipotolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi kule Nyangarata, hapahapa Kahama, na nadhani habari ile ndiyo iliyonifanya nitamani kazi hii. Na mara ngapi nimeandika lile neno letu la gazetini, "uzembe"? Nalitumia kirahisi kama chumvi. Kumbe siku yangu ilipofika, nikiwa na oda ya kesho, mkopo wa mama mdogo na giza linaingia, nilishika tochi vizuri kabisa ili mwenzangu aone pa kufungia waya.

Yule fundi wa karasha simlaumu. Karashani mashine ikisimama, kazi ni kuifanya izunguke. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye mashine asiyoijua, kisha nikafurahi kwa sababu moto umewaka.

Kazi ilichukua siku nne. Nozeli ndogo sita za juu na ya oveni, regulata inayolingana na gesi ya mtungi, themokapo mpya, mpira mpya wa gesi, na mota ya volti 230, vyote kutoka Mwanza. Moto sasa ni wa bluu, mfupi, mtulivu. Mzee alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama panatoa mapovu. Kiberiti si cha kutafutia gesi inapovuja, tafadhali. Mtungi umehamishiwa nje, na dirisha la jikoni limepanuliwa.

Kabla hajaondoka alitupa ratiba, binti akaiandika kwa mkaa ukutani. Kila usiku: funga mtungi kwanza, toa vyuma vya juu, osha kwa maji moto na sabuni, kausha. Matundu ya moto yazibuliwe kwa waya mwembamba, njiti ya meno inakatikia humohumo. Kila wiki: jiko likiwa limepoa na waya wa umeme umechomolewa, safisha wavu wa feni, maana vumbi letu likichanganyika na mafuta linakuwa saruji. Usitandike karatasi ya foili sakafuni mwa oveni, inaziba njia ya hewa. Kila mwezi: povu la sabuni kwenye viungo, na raba ya mlango.

Hiyo ya raba niliipenda. Unachukua kipande cha gazeti, unakifungia mlangoni, unakivuta. Kikigoma, raba ni nzima. Kikitoka bila ubishi, raba imekufa na joto lako linaondoka bure. Mzee alitumia gazeti letu, ukurasa wenye habari yangu. Lilitoka bila ubishi wowote, pande zote mbili za mlango! Raba mpya nayo ikaagizwa.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono, macho ya mama mdogo yameharibiwa na moshi wa miaka mingi. Lakini nilipokuwa naandika habari za mkakati huo nilihesabu mitungi na majiko tu. Sikuuliza hata siku moja nani atayatengeneza, na kwa ujuzi gani. Sasa nina swali la kuuliza, na nina mzee wa kuanza naye.

Ile oda tuliikosa kwa siku sita. Mkandarasi amerudi na watu 40, wale 20 wameshazoea kula kwingine. Mkopo utachelewa, kikoba wameelewa, mimi nachangia kila mwisho wa mwezi bila kuambiwa.

Kile kipande cha waya nimeomba nipewe. Nimekiweka mezani pangu ofisini, karibu na kompyuta. Wenzangu wanauliza ni cha nini, nawaambia ni cha jiko. Wanacheka.

Haya, wikiendi njema. Na kabla ya kulala, mtungi umefungwa?