Uwakili ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, nataka nikuhadithie jambo lililonifika mimi mwenyewe, kwani mwalimu naye hufundishwa.

Nakaa Issuna, kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Singida, nchi ya uwele na alizeti, na hapa nimesomesha watoto miaka mingi. Lakini kwetu ni Pangani, na huko marehemu baba aliacha shamba la minazi. Miguu yangu sasa haiwezi safari za mara kwa mara, nikaona nimwandikie mwanangu aliye Tanga hati ya uwakili, alisimamie shamba, na ikibidi aliuze.

Uwakili si jambo geni katika dini yetu. Vijana wa pangoni, katika Suratul Kahf, walimtuma mmoja wao mjini na fedha yao akawanunulie chakula. Na Mtume (S.A.W.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo, Urwa akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake.

Nikaenda Singida mjini kutafuta mwanasheria. Wa kwanza alikuwa na karatasi iliyokwisha pigwa chapa, imebaki majina na sahihi tu. Nilipoisoma nikaona imeruhusu kuuza, kuweka rehani na kufanya lolote bila kuuliza. Nikamwuliza leseni yake, akacheka. Nikajua huyu ni kishoka. Wakili wa kweli yumo katika daftari la mawakili, na leseni yake huihuisha kila mwaka. Kumwuliza si utovu wa adabu.

Wa pili alikuwa binti, umri wa wajukuu zangu wakubwa. Akaniamkia, akanikalisha, kisha akauliza:

"Sheikh, shamba hili ni lako peke yako?"

"Ni la marehemu baba. Alifariki 1998."

"Aliacha warithi gani?"

"Mimi na dada yangu. Mama alikwisha tangulia."

"Na mirathi iligawanywa?"

Wallahi nilinyamaza. Mimi niliyefundisha faraidhi, niwaambiaye watu kwamba mtoto wa kiume ana sehemu mbili na wa kike ana moja, nilikuwa nikimpelekea dada yangu gunia la nazi kila Idi, nikaliita hisani. Kumbe ni kipande cha haki yake, na kilichobaki nimekikalia.

"Basi sheikh," akasema kwa upole, "huwezi kumpa mtu uwezo ambao wewe mwenyewe huna."

Akakataa kuiandika hati, ingawa ada nilikuwa nayo mkononi. Akanieleza kwamba kwanza mirathi ifunguliwe mahakamani, ateuliwe msimamizi, kila mtu apate fungu lake. Hapo ndipo kila mmoja aweza kuwakilisha kilicho chake, kwa hati itajayo kazi moja moja, iliyotiwa sahihi mbele ya wakili, ikalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa. Na hati hiyo hufa anapokufa aliyeitoa, mali ikawa ya warithi. Hapa sheria ya nchi na fiqhi zasema neno moja. Asiye na ada asikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko huko huko wilayani.

Nikateremka Pangani, miguu na iume. Nikamweleza dada yangu yote, nikamwomba radhi.

Akaniambia, "Kaka, nilijua siku zote. Nilikuwa nangoja ukumbuke mwenyewe."

Neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Mirathi sasa iko mahakamani, na hati ya mwanangu bado haijaandikwa. Ndugu msomaji, kabla hujatafuta wakili wa mali yako, itazame mali yenyewe: je, yote ni yako? Huenda ndani yake mna fungu la dada, la yatima au la mjane, naye amenyamaza kwa kukuheshimu tu.

Wabillahi tawfiq.